Aliyenikalia Kifuani

Wewe unayeogopa kitanda chako mwenyewe, haya ni yako. Mimi ni fundi cherehani katika soko moja karibu na Butali. Nashona sare za shule na majoho ya kwaya, na kwa muda mrefu sikujua kama usiku nalala au nakufa. Sasa nimepata nafuu ya kutosha kuketi na kuandika. Ukitaka habari za jinsi misuli ya koo inavyofanya kazi, muulize aliyesomea. Mimi nitakusimulia yaliyonipata, labda utajiona humo kabla mambo hayajafika yalikofika kwangu.

Yalianza mwaka aliokufa mama mkwe wangu, Kukhu Risper. Kukhu ndiye nyanya huku kwetu, na yeye alikuwa nyanya wa boma lote. Alikufa usingizini, nyumbani kwetu, jioni akiwa amekula vizuri na kututania. Watu waliokuja kutuliwaza walisema amepata kifo cha heshima. Mvua za masika zilikuwa zimeshika, kaburi likachimbwa kwenye tope.

Matanga yalipokwisha ndipo nilipoanza kukabwa. Nilikuwa nikishtuka nimeketi kitandani, mkono kooni, navuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyeopolewa kwenye Mto Isiukhu. Kifua kilikuwa kizito, kana kwamba mtu mzima amenikalia. Mume wangu, Baba Eliya, ni fundi wa boila kiwandani, na zamu zake nyingi zilikuwa za usiku, kwa hiyo mara nyingi nilikuwa peke yangu. Na mtu mzima niliyemfikiria alikuwa mmoja tu. Kukhu Risper alikuwa mzito, na alipenda kuniegemea tulipokaa pamoja kupukuchua mahindi. Naapa kuna siku nilisikia harufu ya ile dawa aliyokuwa akichua magoti.

Waswahili wanaita hilo jinamizi. Sisi tulikuwa na jina lake la ubatizo, Risper.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikutaka kulitaja. Nilikuwa nakoroma. Si kule kukoroma kwa mtu aliyechoka, la, kukoroma kwa kutikisa mabati. Mwanamume akikoroma watu husema amefanya kazi. Mwanamke akikoroma anakuwa kichekesho. Tulipolala matangani kwa jamaa wa Shianda, wanawake wote kwenye mikeka chumba kimoja, asubuhi wifi yangu Gaudensia, dada mkubwa wa mume wangu, alisimama na kikombe cha chai akatangaza, "Nyinyi mlisikia tinga ya miwa ikipita usiku? Hiyo ilikuwa Mama Eliya." Nimefananishwa na trekta, nao walicheka mpaka wakamwaga chai. Mimi nilicheka nao, lakini ndani niliungua. Tangu siku hiyo sikulala tena matangani kwa mtu, hata aliyekufa awe ndugu.

Mchana nilikuwa sijiwezi. Ningekaa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga, na macho yakafungwa yenyewe. Siku moja sindano ilipita kwenye ukucha wa kidole cha shahada ikatokea upande wa pili. Mteja aliyekuwa akisubiri sketi ya mtoto wake ndiye aliyepiga kelele, mimi nilikuwa bado nazinduka. Damu iliingia kwenye kitambaa cha buluu na nikabaki nikiitazama tu, nikijiuliza ni ya nani.

Nikaenda kliniki mjini. Nilimwambia daktari neno moja, kwamba silali. Aliuliza kama nina mawazo, nikamwambia mama mkwe amefariki. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaniandikia vidonge vya usingizi vya wiki chache. Kuhusu kukoroma hakuniuliza, nami, mtu mzima mwenye mjukuu na kiti cha mbele kwenye kwaya, sikuona kwa nini nijivue nguo mbele ya kijana yule. Vidonge vilipokwisha nilirudi, nikaandikiwa vingine vikali zaidi.

Mjukuu mwenyewe alikuwa amezaliwa majuzi tu, wakati wa kuvuna mahindi. Mwanangu Eliya anafanya kazi Eldoret, na mkewe Nafula anakaa nasi nyumbani. Nafula alimpa mtoto jina la mama yake mzazi, Nekesa, aliyefariki Nafula akiwa bado shuleni. Hakuna aliyepinga. Lakini mtoto alikuwa mlizi. Jua likizama tu anaanza, na hakuna titi wala mgongo wa kumnyamazisha.

Ni Gaudensia aliyeunganisha mambo. Alikuja siku moja, akamsikiliza mtoto, akaniangalia mimi na macho yangu mekundu, akapiga kofi pajani.

"Na mnashangaa nini? Mama anataka jina. Huyu anamliza, huyu anamkaba. Ni lini mtu wa kwetu alienda bila kurudishwa jina?"

Nilikubali haraka kuliko wote. Niliona nimefunguliwa mlango. Jumapili jioni tuliketi sebuleni, Gaudensia akampakata mtoto aliyekuwa akilia, maana yeye ndiye senje wa boma, shangazi mkubwa. Akawa anamtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, sikioni. Huku kwetu jina ambalo mtoto akilisikia ananyamaza, hilo ndilo lake. Alipofika kwa Nabwire, jina la Kukhu Risper la nyumbani, mtoto akanyamaza. Tukapiga vigelegele. Tukala obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, Baba Eliya akafuta machozi kwa mkono wa shati. Nafula alikuwa akipakua chakula. Alimwekea kila mtu sahani yake, kisha akatoka nje na hakula.

Na kweli, tangu wiki hiyo sikukabwa tena. Hakuna kushtuka, hakuna uzito kifuani, hakuna harufu ya dawa ya kuchua. Nilimeza kile kidonge kipya, nikalala fofofo mpaka asubuhi. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Niliwaambia watu kwamba waliotutangulia wakipewa haki yao wanatuacha tupumzike, na mchungaji akaguna kidogo lakini akaacha upite.

Hebu nikueleze usingizi ule ulivyokuwa, kwa sababu labda na wewe unao na unamshukuru Mungu. Haukuwa na ndoto. Ulikuwa shimo. Nilikuwa nikizinduka nikihisi nimetoka mbali sana, na kwamba kuna mtu amenisindikiza mpaka mlangoni akageuka. Kichwa kilikuwa kinagonga. Ulimi umekauka kama unga. Viatu vya kanisani vilianza kunibana jioni, pete ikagoma kutoka kidoleni, na uso kwenye kioo ulikuwa wa mtu aliyevimba kwa kulia. Nilisahau vipimo vya wateja. Joho moja la kwaya nililishonea mikono miwili ya upande mmoja, nikamgombeza mwenye joho kwamba ana mabega mabaya. Nafula nilimfokea kwa chumvi, kwa kuni, kwa mlango uliofungwa kwa nguvu. Alikuwa akinijibu "Ndiyo, Mama," na jibu hilo lilinikasirisha zaidi.

Baba Eliya hakuona ubaya. "Angalau siku hizi unalalanga kama mtu," alikuwa akisema.

Hivyo ndivyo nilivyoishi, kutoka mavuno mpaka palizi.

Kisha maharagwe yakakomaa. Jumamosi moja Gaudensia alikuja kutusaidia kuyapukuchua, yeye na Nafula wakakaa barazani na mtoto katikati yao. Mimi nilikuwa nimekesha nikimalizia magauni ya harusi, kichwa kilitaka kupasuka. Nikameza kidonge mchana, jambo ambalo sikuambiwa na mtu nifanye, nikajilaza chali kwenye kochi la sebuleni. Yaliyofuata nilisimuliwa.

Nikaanza kukoroma. Gaudensia akafurahi sana. "Tinga imewaka," akamwambia Nafula. Baada ya kitambo mkoromo ukakatika. "Imezimwa," akasema, wakaendelea na kazi. Maganda ya maharagwe yakilia, kuku wakidonoa. Nafula ndiye aliyeinua kichwa.

"Senje, mbona kimya?"

"Mwache apumzike. Si ndiyo alikuwa anatafuta huo usingizi?"

"Kimya hiki si cha kulala."

Akainuka, maharagwe yote yakamwagika kutoka kwenye nguo yake. Alinikuta midomo imegeuka rangi ya zambarau. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, kinajitahidi, lakini puani na mdomoni hapakuwa na pumzi yoyote. Alinitikisa, nikalegea tu kama nguo iliyolowa. Mara nikavuta hewa kwa sauti ya kutisha, nikakoroma kidogo, kisha ikakatika tena. Hapo Gaudensia aliyekuwa amefika mlangoni akapiga nduru.

Nduru kwetu ni msiba. Majirani walikuja mbio, wengine wakilia tayari, mmoja akiniita kwa jina na kuuliza nimemwachia nani cherehani. Nilizinduka nikiwa na maji masikioni na uwanja mzima wa watu wakinitazama. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Changu kilinifichua ningali hai, na kwa hilo nashukuru.

Watu walipotawanyika, wengine wakicheka kwa kuwa hofu imewatoka, Gaudensia alibaki ameketi sakafuni. Hakuwa Gaudensia ninayemjua. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama alikuwa hivi. Hivi hivi. Anakoroma, anakatika, anakoroma, anakatika. Sisi tulikuwa tunasema ameshiba usingizi."

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeamini kwamba Kukhu Risper anakuja kunikalia kifuani. Sikuwahi kufikiria kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekaliwa, miaka yote ile, na sisi tukiwa chumba cha pili tunasikiliza na kutabasamu.

Jumatatu tulienda hospitali Kakamega mjini, mimi, Gaudensia, na Nafula na mtoto mgongoni. Ukumbi wa kusubiri ulikuwa umejaa. Juu kulikuwa na televisheni isiyo na sauti, mhubiri akifumbua na kufumba mdomo. Nilijiapiza nisilale. Nikalala. Nilipoamka, benchi upande wangu lilikuwa tupu, watu wamesogea, na vijana wawili walikuwa wanafichana vicheko. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini juu ya magoti yangu kulikuwa na leso isiyo yangu. Mama mmoja, mgeni kabisa, alikuwa amenifunika kwa sababu gauni lilikuwa limepanda. Alinyoosha mkono akaichukua, akasema tu, "Pole, mama, ugonjwa hauna haya," kisha akaitwa ndani na sikumwona tena.

Daktari alipouliza shida, nilianza tena, "Silali." Gaudensia akanisukuma kando.

"Daktari, huyu analala. Hiyo ndiyo shida. Ngoja nikuonyeshe."

Akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafunga macho, akakoroma. Alikoroma kwa bidii, kwa kupanda na kushuka, kisha akakata. Akanyamaza huku kifua kikimruka. Tukasubiri. Akanyamaza mpaka Nafula akashika mdomo. Ndipo akavuta hewa kwa kishindo kilichomfanya mhudumu achungulie mlangoni. Wifi yangu aliyenitangaza Shianda, sasa alikuwa ananitangaza tena, na nilimpenda siku ile kama sijawahi kumpenda.

Daktari hakucheka. "Anatumia dawa gani?"

Nikatoa vidonge kwenye mkoba. Alivitazama, akaviweka upande wake wa meza.

"Mama, pumzi yako inakatika ukilala. Koo linajifunga. Mwili ukikosa hewa unakuamsha kwa nguvu ili uvute. Ule mshtuko uliokuwa unakutesa ndio uliokuwa unakuokoa. Hivi vidonge vinaunyamazisha."

Alitaja na jina la ugonjwa, apnia, ambalo Baba Eliya hulitamka mpaka leo kama jina la mchezaji wa kigeni. Mimi sikulisikia vizuri. Nilikuwa bado kwenye lile neno, kuokoa. Nilikuwa nimemeza dawa karibu mwaka mzima kumfukuza mlinzi.

Hakuniambia nivitupe siku hiyo. Alisema nimevitumia muda mrefu, kuacha ghafla kuna hatari yake, kwa hiyo tutavipunguza kidogo kidogo naye akiniangalia. Nikwambie na wewe, usije ukasoma hapa ukatupa vyako chooni. Akaniandikia pia kipimo cha Kisumu, ambako nililala nimefungwa nyaya kichwani na kifuani, nikawaza kwamba Kukhu akija leo atanitafuta asinione.

Sasa nikwambie sehemu ambayo watu hawaisemi. Kadiri vidonge vilivyopungua, Kukhu alirudi. Mvua za Agosti zilikuwa zinanyesha kila alasiri, mashine ya hewa niliyoandikiwa ilikuwa haijapatikana, na kukabwa kulianza upya, kukiwa na hasira ya kufungiwa nje. Uzito ule ule. Harufu ile ile. Mchana nilikuwa namwelewa daktari neno kwa neno. Kitandani nilikuwa simwamini hata kidogo. Baba Eliya alisema labda jina peke yake halikutosha, labda tuchinje. Nilimwambia ngojea. Nilitamani vidonge kama mlevi anavyotamani chang'aa, si kwa ajili ya usingizi, ila kwa ajili ya kutokuwepo.

Lakini yeye huyo huyo ndiye aliyeomba kiwandani ahamishiwe zamu ya mchana. Aliweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Daktari alikuwa ameniambia nisilale chali, basi nilishona mfuko mgongoni mwa kanzu yangu ya kulalia, nikatia gunzi la mahindi. Nikigeuka chali gunzi linanichoma, narudi ubavuni. Nikishtuka, nilikuwa namkuta Baba Eliya yu macho, mkono wake begani kwangu. Tumeoana tangu tukiwa watoto wa juzi, na sijui kama aliwahi kunishika hivyo.

Eliya alihangaika huko Eldoret mpaka mashine ikapatikana, tukiwa tumeshavuna. Ni kisanduku cha kuweka karibu na kitanda, mpira mrefu, na barakoa ya kufunga usoni. Gaudensia alipoiona nimeivaa alilia waziwazi. Kwake, waliowekewa oksijeni wakati wa ule ugonjwa wa dunia nzima hawakurudi nyumbani. Nilimruhusu aishike, auweke mkono mbele ya upepo wake, mpaka akatulia. Barakoa inaniachia mistari mashavuni, na kwenye kwaya wanaulizana nani ananipiga. Stima ikipotea inazima nami naamka. Lakini asubuhi ya kwanza nilisikia ndege kwarara wakipiga kelele juu ya mkaratusi, nikagundua kwamba kichwa hakiniumi. Nililia, Baba Eliya akadhani naumwa.

Si kwamba hofu imeisha. Kila jioni nikifunga mikanda ile nyuma ya kichwa nasikiliza kwanza kama kuna mtu chumbani.

Ilikuwa siku ya kuanika mahindi Nafula aliponikalia karibu. Mtoto alikuwa anajifunza kutembea, anashika ukingo wa turubai. Baba Eliya alikuwa nyuma yetu akinoa jembe.

"Mama, daktari alisema ni koo," Nafula akasema.

"Alisema."

"Basi haikuwa Kukhu."

Niligeuza mahindi ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

"Mama yangu naye alikufa," akasema. "Yeye hakumsumbua mtu. Ndiyo sababu alinyang'anywa?"

Mimi niliogopa. Siwezi kukudanganya. Mashine ilikuwa ndani, inafanya kazi, kichwa changu kilikuwa kimetulia, vipimo vya wateja ninavikumbuka, na bado niliogopa kwamba nikirudisha jina lile, nitakabwa usiku huo huo na safari hii hakutakuwa na kuzinduka. Ingekuwa rahisi kusema tumngojee senje, tungojee Eliya, tungojee Krismasi watu wakusanyike. Nafula hakuniangalia. Alikuwa anatazama mikono yake.

Nikamwita mtoto. "Nekesa! Kuja kwa kukhu wako."

Sikutegemea aitike, kwa kuwa tangu ile Jumapili hakuna aliyemwita hivyo mbele yangu. Lakini aligeuka mara moja, uso wote ukacheka, akaachia turubai akaja kwangu kwa miguu yake, hatua zake za kwanza bila kushika kitu. Hapo nikajua kwamba mama yake hakuacha kumwita jina hilo siku hata moja.

Nafula alijifunika uso kwa leso. Nyuma yetu jiwe la kunolea lilikuwa limenyamaza.

"Mama Eliya," mume wangu akasema. "Na mama akija?"

Nilimpakata mtoto, nikamfuta vumbi la mahindi magotini.

"Akija nitamsogezea nafasi," nikamwambia. "Alale ubavu, naye apumue."